Deni la talaka na mume aliyefilisika: Haki ya mke na watoto iko wapi?

 

Ndugu Waislamu, katika nyanda za juu za Ufipa kalenda ya deni hufuata kalenda ya mahindi. Mvua zinapokaribia mwezi wa Novemba, watu wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere hukopa ili wapate mbegu na mbolea. Mavuno yakishaingia ghalani, hutakiwa kulipa. Mfanyabiashara naye hukopa wakati wa mavuno ili anunue magunia vijijini, akitaraji kuyauza bei itakapopanda. Mwaka ukiwa mzuri, kila mtu hupata chake. Mwaka ukiwa mbaya, deni hubaki peke yake bila mazao ya kulilipia. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilishuka vibaya katika mikoa inayozalisha kwa wingi, Rukwa ikiwamo, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu wakabaki na magunia ghalani na madeni vitabuni.

Hasara ya namna hii haiishii dukani. Huingia nyumbani, na mara nyingine huikuta ndoa imekwisha kuvunjika na wanandoa wamekwisha kugawana mali na madeni yao. Hapo ndipo huzuka swali ambalo tumeona ni vema tulizungumze leo: mume aliyeahidi kulipa madeni wakati wa talaka, akafilisika kabla ya kuyalipa, je, ahadi ile imekufa? Na mke aliyetegemea ahadi hiyo ashike wapi?

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wengi wetu tutauona kama unaotokea mtaani kwetu. Bwana mmoja wa Sumbawanga mjini hufanya biashara ya mahindi. Mkewe ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Bwana alimwomba achukue mkopo wa shilingi milioni tatu kwa jina lake, naye akafanya hivyo kwa mapenzi na imani, na fedha zote zikaingia katika mahindi. Baada ya miaka kadhaa ndoa ikashindikana. Mbele ya wazee wa pande mbili wakakubaliana mambo matatu. La kwanza, mume ndiye atakayelipa ule mkopo wa kikundi. La pili, atalipa mahari iliyosalia, shilingi milioni nne. La tatu, atatoa matumizi ya watoto wao wawili kila mwezi. Mke aliporidhika na ahadi hizo akaacha madai yake juu ya nyumba na ghala. Mwaka haukupita, mume akafilisika.

Watu wengi husema kwa wepesi kwamba aliyefilisika hadaiwi tena. Wengine husema deni ni deni, na lazima alipe hata kama hana chochote. Kauli zote mbili zina upungufu. Ukweli ni kwamba madeni haya matatu hayafanani, na kila moja lina njia yake.

Mkopo uliochukuliwa kwa jina la mke

Tuanze na mkopo wa kikundi, kwa kuwa ndio unaowaumiza wanawake wengi. Katika fiqhi liko somo liitwalo hawala, yaani kulihamisha deni kutoka katika dhima ya mtu mmoja kwenda katika dhima ya mwingine. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa nchi yetu, wameweka sharti kwamba mdai mwenyewe aridhie uhamisho huo. Haki ni yake, basi hawezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine pasi na ridhaa yake.

Kwa hiyo, wazee wa pande mbili walipokubaliana kwamba mume atalipa, na kikundi hakikuitwa wala hakikuulizwa, deni halikuhama. Lilibaki palepale kwa mke aliyetia saini. Yale waliyokubaliana ni ahadi baina ya watu wawili, na mume ana wajibu wa kuitimiza mbele ya Mola wake, lakini kikundi hakifungwi nayo. Mume akishindwa kulipa, wenzake katika kikundi watabisha hodi kwa mke, nao hawatakuwa wamemdhulumu, kwani pengine wao ndio wadhamini wake na wasipomfuata yeye watalipa wao.

Sheria za nchi zinakwenda njia hiyohiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaitaka mahakama katika kifungu cha 114, inapogawa mali ya wanandoa walioachana, iangalie pia madeni yaliyochukuliwa na yeyote kati yao kwa manufaa yao wote wawili. Basi mke ana haki ya kusema mahakamani kwamba mkopo ule, japokuwa uko kwa jina lake, ulikula katika biashara ya nyumba nzima, na mahakama itaupima katika mgawo. Lakini mkopeshaji si mmoja wa wanandoa. Mgawo unaofanywa kati ya mume na mke haubadilishi mkataba ambao mmoja wao alitia saini na mtu wa tatu.

Hali ni hiyo hata ughaibuni. Huko Marekani, marekebisho ya sheria ya ufilisi ya mwaka 2005 yaliimarisha kinga ya matumizi ya mke na watoto, hivi kwamba mtu hawezi kuyakwepa kwa kutangazwa muflisi. Hata hivyo, benki iliyokopesha wote wawili inaweza kumfuata yule mwenye uwezo, hata kama hati ya talaka imesema mwenzake ndiye atakayelipa.

Mke aliyelazimika kulipa mkopo huo hakupoteza haki yake moja kwa moja. Akishalipa, anakuwa mdai wa mume wake wa zamani kwa kiasi hichohicho. Lakini hapa kuna jambo la kuthibitishwa: je, alipompa mumewe zile milioni tatu alimkopesha, au alimpa zawadi? Mume akidai kuwa ilikuwa zawadi na hakuna maandishi wala shahidi, kesi inakuwa ngumu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, imekuja kutuamrisha tuandike madeni na kuyashuhudisha, wala haikuwatoa mume na mke. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahari iliyosalia

Deni la pili ni mahari. Mahari ni haki ya mke iliyofaradhishwa katika Aya ya 4 ya Suratun-Nisaa, na Aya ya 20 ya sura hiyo inamkataza mume kuirudisha hata kama alimpa mkewe marundo ya mali. Ikishathibiti, inakuwa deni kama madeni mengine. Talaka haiifuti, na mume akifa hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana chochote.

Mume akifilisika, mke hukaa safu moja na wadai wengine. Hatangulizwi mbele yao, wala hasukumwi nyuma. Katika fiqhi, wadai wakimwomba kadhi, naye akathibitisha kwamba madeni yamezidi mali, humzuia mdaiwa asiitumie mali yake, huiuza, na hugawa kila mtu kwa kadiri ya deni lake. Mwenye rahani hulipwa kwanza kutokana na kile kilichowekwa rahani. Na aliyemuuzia muflisi kitu, kisha akakikuta kitu chake chenyewe bado kiko mikononi mwake, ana haki zaidi nacho, kama ilivyothibiti katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.).

Turudi katika mfano wetu. Tuseme mume anadaiwa na mwenye duka la mbolea shilingi milioni tano, mahari milioni nne, na zile milioni tatu ambazo mke amekwisha kukilipa kikundi. Jumla ni milioni kumi na mbili. Mali yake ikauzwa, ikapatikana milioni tatu tu, yaani robo ya madeni yote. Basi kila mdai atapata robo ya haki yake. Mwenye duka atapata milioni moja na laki mbili na nusu. Mke atapata milioni moja ya mahari na laki saba na nusu za mkopo. Katika milioni saba anazodai, atakuwa amepata milioni moja na laki saba na nusu, na zilizobaki, milioni tano na laki mbili na nusu, zitabaki kuwa deni katika dhima ya mume mpaka Allah (S.W.) atakapomfungulia.

Hapa kuna nukta ambayo wengi hawaijui. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, deni ambalo muda wake haujafika haliwi la kulipwa sasa kwa sababu tu mdaiwa amefilisika. Mke aliyekubali kungoja mahari yake kwa miaka mitatu anaweza kukuta mali yote imekwisha kugawanywa kwa wale ambao muda wao ulikuwa umefika, naye akabaki na haki isiyo na kitu mbele yake. Kumpa mume muda ni wema mkubwa. Ila mwanamke aufanye wema huo akiwa anajua anachokitoa.

Matumizi ya watoto

Deni la tatu ndilo lisilopaswa kuchezewa. Aya ya 7 ya Suratut-Talaq imeweka kipimo cha haki: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa na riziki atoe katika kile alichopewa. Maana yake ni kwamba kufilisika kunaweza kupunguza kiasi. Wajibu wenyewe haukomi. Aliyekuwa akitoa shilingi laki mbili kila mwezi anaweza kushuka hadi debe la mahindi na maharage ya shambani, lakini baba hageuki kuwa si baba kwa sababu ghala lake limekuwa tupu. Ndiyo maana hata kadhi anapoizuia mali ya muflisi, huachiwa humo matumizi ya wale anaowajibika kuwalisha mpaka siku ya kugawa, na huachiwa nguo zake. Sheria ya nchi ya mwenendo wa mashauri ya madai nayo imekataza kukamatwa kwa nguo za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za kazi.

Pamoja na hayo, wanazuoni wa Kishafi wametofautisha matumizi ya mke na ya watoto. Matumizi ya mke ambayo mume hakuyatoa hugeuka kuwa deni juu yake bila kuhitaji hukumu. Ama matumizi ya mtoto yaliyopita, hayawi deni ila kadhi awe ameyapitisha au ameruhusu yakopwe kwa niaba ya baba. Kwa lugha nyepesi, mama aliyeachwa na watoto, akawalisha kimya kimya kwa miaka miwili, huenda asiweze kudai kilichopita. Kwa hiyo asingoje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na amri ya mahakama inaweza kuombwa mapema. Mume ambaye hali yake imebadilika naye ana mlango wake: arudi mahakamani kuomba kiasi kipunguzwe. Asinyamaze na kuzima simu.

Muflisi wa kweli na muflisi wa mdomo

Ndugu msomaji, si kila anayesema amefilisika ni muflisi. Katika sheria ya nchi, mtu huwa muflisi kwa amri ya Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi, baada ya yeye mwenyewe au mdai wake kupeleka maombi. Tangu mwaka 2006 upo Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ambao ufilisi ni sehemu ya jina lake na ya kazi zake. Mahakama Kuu ina kanda yake Sumbawanga, hivyo mlango hauko mbali. Lakini wafanyabiashara wetu wadogo walio wengi hawaufikii. Wao hufilisika kwa midomo ya watu tu, na hivyo wadai wenye nguvu huwahi kuchukua, na wasio na nguvu, ambao mara nyingi ni mke na watoto, hukuta pakavu.

Wapo pia wanaojifilisisha kwa hila. Mtu huandikisha shamba kwa jina la ndugu yake na gari kwa jina la mke mpya, kisha akaja mbele ya wazee akiwa amekunja uso. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoitoa Bukhari na Muslim, ameita kitendo cha mwenye uwezo kuchelewesha deni kuwa ni dhulma. Wanazuoni wakasema kwamba aliyejulikana kuwa na mali hakubaliwi dai lake la ufukara bila ushahidi.

Ama muflisi wa kweli ana haki zake pia. Aya ya 280 ya Suratul-Baqara inaamrisha kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Abu Said al-Khudri (R.A.) amepokea kwamba zama za Mtume (S.A.W.) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, madeni yakamzidi. Mtume (S.A.W.) akawaamuru watu wamsaidie kwa sadaka. Walichotoa hakikutosha, akawaambia wadai wachukue walichokikuta, hawana zaidi ya hicho. Hadithi hii ameitoa Imam Muslim, na mfanyabiashara wa mahindi aliyeangushwa na bei anaweza kujiona ndani yake. Aidha Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja wenye madeni katika wanaostahiki zaka. Misikiti yetu ikikusanya zaka ya mazao kwa utaratibu, muflisi mwema hatalazimika kuwanyima watoto ili awalipe wadai.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kugawana, orodha ya madeni iandikwe sawa na orodha ya mali: nani alikopa, kwa nani, kiasi gani, fedha zilikwenda wapi na nani alitia saini. Kwa upande wa mali, Mahakama ya Rufani, katika hukumu ya mwaka 1983 ya shauri la Bi Hawa Mohamed iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Mke asijione mgeni katika hesabu hiyo.

Pili, mkopeshaji aitwe. Ikiwa mume atabeba mkopo ulio kwa jina la mke, kikundi au benki iridhie kwa maandishi na jina libadilishwe. Ikikataa, ni bora mkopo ulipwe kutokana na mali iliyopo kabla ya mgawo kuliko kuachwa uning'inie kwa ahadi.

Tatu, mke asiuze kilichopo kwa kisichopo. Yule wa mfano wetu aliacha madai yake juu ya nyumba na ghala akapokea maneno. Kama mume ana mzigo wa madeni, mahari ichukuliwe sasa katika mali iliyopo, au iwekewe rahani. Na kama nyumba ya ndoa imewekwa rahani, aulize ni nani aliyeridhia, kwani kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rahani bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mke katika hati ya benki ni jambo zito. Asiitie kwa kuoneana haya.

Nne, makubaliano yasiishie barazani. Wazee na masheikh wafanye kazi yao ya suluhu, na mabaraza ya usuluhishi, yakiwamo ya BAKWATA, yatoe hati pale suluhu inaposhindikana. Lakini amri ya kugawa mali na ya matumizi hutolewa na mahakama, na ndiyo inayoweza kutekelezwa mume anapogeuka au anapoanguka.

Tano, haya yote ni ya pande mbili. Mke aliyejivua kwa khului na kuahidi kurejesha mahari, naye ni mdaiwa. Akipatwa na dhiki ya kweli, mume naye anaamrishwa kumngojea.

Ndugu Waislamu, imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) aliwaita wadai wa mtu wa kabila la Juhayna, aliyekuwa akinunua ngamia kwa mkopo ili awatangulie mahujaji, waje wagawane mali yake. Kisha akawatahadharisha watu na deni, kwani mwanzo wake ni wasiwasi na mwisho wake ni ugomvi. Wahenga wetu wakasema kwa ufupi, kukopa harusi, kulipa matanga.

Na juu ya ufilisi wa biashara upo ufilisi mkubwa kuliko huo. Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Masahaba wake kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, hali amekula mali ya huyu na kumdhulumu yule, mema yake yagawiwe wadai wake mpaka yaishe. Mume aliyeanguka mwaka wa bei mbaya, akaendelea kulipa kidogo kidogo mahari ya mama wa watoto wake, hayumo katika kundi hilo. Anayejificha nyuma ya neno kufilisika ajiangalie kabla ya siku hiyo.

Tunamwomba Allah (S.W.) atulipie madeni yetu, awafungulie wenye dhiki, na awajaalie wanaoachana waachane kwa wema. Amin.